Mizani moja iliyopotea katika shairi la mkimbizi

MTU akiniletea shairi, mara nyingi huanza kwa kuomba radhi. Husema yeye si mtunzi, ameandika tu, nisimcheke. Mama niliyekutana naye sokoni Muyinga hakuomba radhi. Alifungua fundo la kitenge kiunoni, pale anapoweka faranga upande mmoja na shilingi upande mwingine, akatoa karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mpaka zikawa ndogo kama kiberiti. Akaniambia: "Mwalimu, nataka kujua kama hili ni shairi au si shairi. Unijibu kweli, maana kuna watu wanangoja."

Mama huyu anauza mchele na maharage. Mchele anaufuata upande wa Tanzania, anavuka nao Kabanga na Kobero, na wateja wake wanamjua kwa kuwa hapunguzi kipimo. Karatasi zile ni za baba yake, aliyeandika shairi hilo mwaka 1999 akiwa kambini Lukole, wilayani Ngara. Baba huyo hakurudi. Alifariki kambini, akazikwa hukohuko, na binti yake alipovuka kurudi Burundi mwaka 2005 alibeba watoto wawili, sufuria na karatasi hizo.

Sasa ukoo wake, ulio kwenye kilima kimoja upande wa Gitega, ulikuwa umeamua hatimaye kufanya kuganduka, yaani kuondoa msiba. Wasomaji waliozaliwa Katumba, Mishamo au Ulyankulu huenda hawajaiona sherehe hiyo ikifanywa kikamilifu. Watu hukusanyika, hunywa, husemwa ya marehemu na ya mali yake, madeni na watoto wake, kisha waliobaki huruhusiwa kurudia maisha yao. Binti alitaka shairi lisomwe siku hiyo. Mwalimu mmoja wa sekondari, aliyeombwa alipitie kwanza, alilirudisha na wino mwekundu. Aliandika kwamba katika ubeti wa tatu kina kimevunjika, na kwamba shairi la namna hiyo halifai kusomwa mbele za watu.

Nilikaa juu ya gunia, nikasoma. Nalitoa hapa lote, kama nilivyolikuta kwenye karatasi, kwa ruhusa ya binti.

Ruvubu unapopita, salamu zangu pokea,
Kibali hukukipata, mpakani watembea,
Mimi hapa wananita, mgeni wa kuhemea,
Maji ya kwetu nafata, siku moja tarejea.

Nyumba sikuwauzia, ile ya mzazi wangu,
Mti sikuwakatia, kivuli cha mama yangu,
Shamba kuwaachia, nimeacha jembe langu,
Maji ya kwetu nafata, siku moja tarejea.

Watoto wanauliza, kwetu ni wapi mahali,
Mimi ninawatuliza, kesho tunayo safari,
Usiku nikinyamaza, ngoma yalia kwa mbali,
Maji ya kwetu nafata, siku moja tarejea.

Nilimwambia papo hapo kwamba ni shairi. Tena ni la kimapokeo, bahari ya tarbia, kwa sababu kila ubeti una mishororo minne. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, na kila kipande kina kina chake mwishoni. Vina vinabadilika kutoka ubeti hadi ubeti isipokuwa katika kibwagizo kinachorudi vilevile, hivyo wataalamu wangeliita ukaraguni. Mama alinisikiliza kama mtu anayesikiliza bei. "Basi," akasema, "niambie na ubovu wake."

Wino mwekundu wa ubeti wa tatu

Nilianza na kosa alilolitaja yule mwalimu wa sekondari. Mishororo mitatu ya mwanzo ya ubeti wa tatu inaishia kwa "mahali", "safari", "mbali". Kwa sheria, kina ni silabi nzima, si irabu peke yake. "Li" na "ri" ni silabi mbili tofauti, kwa hiyo "safari" imetoka nje ya mstari. Marehemu Kaluta Amri Abedi, yule mwana wa Ujiji ambaye mwaka 1954 alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, asingeliacha jambo hilo lipite. Nami nilipokuwa shuleni Katumba nilichapwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Lakini sikio la Mrundi lina habari nyingine. Kirundi hakitenganishi "l" na "r" kama Kiswahili kinavyofanya. Herufi yetu ni "r". Mrundi wa kilimani akisema "kulala" utasikia "kurara", na hakuna atakayecheka mpaka afike Dar es Salaam. Kwa mtunzi huyu, "mahali", "safari" na "mbali" viligonga sawasawa. Hakuvunja kina. Alikipatanisha na sikio alilozaliwa nalo. Je, ningempa alama zote katika mtihani? Hapana. Ningemkata alama moja. Ila kumzuia mtu asisomewe siku ya kuganduka kwa sababu ya "ri" moja ni ukali uliopita kiasi, nami nilimwambia mama hivyo.

Kuhusu mizani, tofauti ya lugha zetu haina madhara makubwa kama watu wanavyodhani. Kiswahili sanifu kinahesabu "mti" kuwa mizani mbili, m-ti, kwa kuwa "m" hiyo inasimama peke yake. Mrundi hutamka "muti", mu-ti, nazo ni mbili. "Mgeni" ni tatu, "mugeni" ni tatu. Anayekosea kuhesabu ni yule anayetazama herufi badala ya kusikiliza, akadhani "mti" ni pigo moja. Kwenye irabu mbili zinazofuatana ndipo penye mtego kwa watu wetu, kwa sababu Kirundi kina irabu ndefu na fupi, na irabu ndefu tunaisikia kama pigo moja lililovutwa. Katika mizani ya Kiswahili "kaa" ni mbili, na "kuwaachia" ni tano: ku-wa-a-chi-a.

Mama hakuridhika na maneno. Alichota maharage mkononi, akahesabu 16, akayapanga juu ya kipande cha boksi. Akaniambia nisome polepole, naye asogeze harage moja kwa kila pigo. Kwa wasiojua, mshororo wa shairi la aina hii unatakiwa uwe na mizani 16, nane ukwapini na nane utaoni. Tulisoma. Ru-vu-bu-u-na-po-pi-ta. Nane. Sa-la-mu-za-ngu-po-ke-a. Nane. Maharage yote 16 yakahama, akayarudisha, tukaendelea.

Hapo ndipo nilipoona ufundi wa mzee huyu, maana maharage hayadanganyi. Katika kibwagizo ameandika "nafata" badala ya "nafuata", na "tarejea" badala ya "nitarejea". Katika ubeti wa kwanza ameandika "wananita" badala ya "wananiita". Wajuzi wanaita hiyo inkisari, ruhusa aliyonayo mtunzi ya kufupisha neno. Jaribu kurudisha maneno hayo katika urefu wake: kila kipande kitakuwa na mizani tisa. Maana yake mzee alikuwa akihesabu. Hakukata maneno kwa kutojua Kiswahili. Alikata mara tatu, kila mara pigo moja tu, ili abaki kwenye nane.

Alijifunzia wapi? Shule za makambi ya miaka ya 1990 zilifuata mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, tofauti na sisi wa mwaka 1972 tuliosoma Kiswahili cha Tanzania katika makazi ya zamani. Binti alinijibu bila kusita: redio, na magazeti. Baba yake alikuwa akinunua maandazi ya kufungiwa kwenye gazeti kuukuu, akila andazi, kisha akilainisha gazeti juu ya goti na kutafuta ukurasa wa mashairi. Mara nyingi alipata nusu ya ubeti tu, nusu nyingine ikiwa imebaki kwenye andazi la mwenzake.

Harage lililobaki

Tulipofika ubeti wa pili, mshororo wa tatu, ambao watunzi huuita mleo, harage moja lilibaki bila kusogezwa. Nilidhani nimesoma haraka. Nikarudia: sha-mba-ku-wa-a-chi-a. Saba. Utao wake, "nimeacha jembe langu", uko sawa, nane. Shairi zima lina mishororo 12 na lilipaswa kuwa na mizani 192. Karatasi ilikuwa na 191.

Nilimuuliza mama kama karatasi hizo aliandika baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akasema hapana. Daftari la mzee liliungua pamoja na kibanda chao kambini. Hizi zilinakiliwa kabla ya hapo na kaka yake, aliyekuwa na miaka 11, usiku, kwa mwanga wa kibatari. Kaka huyo yuko Dar es Salaam siku hizi. Tulimpigia simu hapohapo. Alicheka, kisha akawa mzito: hakumbuki neno hata moja, anakumbuka tu kwamba alitaka kumaliza akalale.

Kisha mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni mstari huo tu wenye kasoro?" Nikamjibu ni huo tu. Akaniambia: "Basi ndio huo huo ulioniletea vita."

Kumbe hapakuwa na watu wanaongojea shairi kwa ajili ya uzuri wake. Baba mdogo wake, yule ambaye kwa Kirundi tunamwita data wacu, ndiye aliyebaki kilimani miaka yote ya vita. Analima shamba la ukoo, pamoja na sehemu iliyokuwa ya marehemu. Kaka wa Dar es Salaam anataka sehemu ya baba yake. Mjukuu wa baba mdogo, anayesoma Kiswahili shuleni kama watoto wa Burundi wanavyosoma siku hizi, alimsomea babu yake shairi, na babu akashika mshororo huo mmoja. Marehemu amesema mwenyewe, alidai: shamba, kuwaachia. Amewaachia ndugu zake. Ameacha hata jembe.

Msomaji anayeijua migogoro ya ardhi ya waliorudi hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Tume ya ardhi na mali nyingine iliyoundwa mwaka 2006 ilipokea malalamiko mengi kiasi cha kuwachosha waliokuwa wakiyasikiliza, na katika familia nyingi mgogoro haukuwa na mgeni. Ulikuwa kati ya ndugu aliyekimbia na ndugu aliyebaki. Shairi si hati ya shamba na hakuna mahakama itakayolihesabia maharage. Lakini bashingantahe wa kilimani husikiliza maneno ya marehemu, na siku ya kuganduka ndiyo siku ya maneno ya marehemu.

Silabi gani basi imepotea? Nilijaribu kila iliyonijia na kubakiwa na mbili tu zinazokaa vizuri katika Kiswahili. Ya kwanza ni "si": "Shamba sikuwaachia". Ya pili ni "la": "Shamba la kuwaachia". Zote mbili zinatimiza mizani nane. Zote mbili hazigusi kina. Na maana zake zinapigana uso kwa uso. Nilijua kuwa nikimficha mama ile ya pili nitakuwa mwongo, na baba mdogo akipata mwalimu mwingine ataipata. Nikamwambia zote.

Kisha nikampa sababu zangu za kuchagua "si". Ubeti huo umejengwa kwa takriri. "Nyumba sikuwauzia", "mti sikuwakatia": neno moja la mwanzo lenye mizani mbili, kisha kitendo cha kukanusha chenye mizani sita, chenye "sikuwa" ileile. Mbili na sita, mbili na sita. "Shamba sikuwaachia" ni mbili na sita. "Shamba la kuwaachia" ni tatu na tano, na mdundo wa ubeti unakatika pale ambapo mzee alikuwa ameupandisha. Yeyote aliyewahi kusikia ivyivugo, majigambo ya wachunga ng'ombe na mashujaa wetu, anaujua mwendo huo wa kurudia mwanzo wa kitendo mpaka msikilizaji atikise kichwa. Majigambo ya Kirundi hayasimamii vina vya mwisho kama shairi la pwani. Yanasimamia kurudia na kupanda kwa sauti. Mzee alichukua vazi la pwani akalivaa juu ya mwili wa kilimani.

Kuna pia jembe. Nilimweleza mama kuwa hiyo ni sitiari. Mkulima anayegawa shamba huondoka na jembe lake begani. Anayeliacha limechomekwa mtaroni anasema kwamba kazi haijaisha, kesho yuko hapohapo. Jembe hapa linasimama badala ya nia ya kurudi, na kibwagizo kinachofuata mara moja kinalitia nguvu: siku moja tarejea. Nilijisikia vizuri nilipomaliza kusema hivyo. Mtaona baadaye.

Kuna ndugu zetu wanaosema mizani na vina ni gereza. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hoja ya mashairi huru imechoma watu wengi wazima kwa wazima, na mimi mwenyewe nimewahi kuitetea mpaka nikakosana na rafiki. Sijaacha kuyapenda mashairi huru. Ila siku ile, kwenye gunia la mchele, kama mzee angekuwa ameandika bila mizani, kusingekuwa na njia ya kujua kwamba kuna kitu kimepotea.

Mto usio na kibali

Niliahidi kwenda Gitega siku ya sherehe. Njia ya Muyinga kwenda Gitega kupitia Karuzi inakupa muda wa kufikiri, hasa ukiwa umebanwa nyuma ya Hiace na kuku mapajani mwa jirani.

Nilifikiri juu ya Ruvubu. Kuuambia mto upokee salamu ni ritifaa, na kuufanya utembee mpakani bila kibali ni tashhisi, yaani kumpa kitu kisicho na uhai tabia ya mtu. Mambo hayo mawili kila mwanafunzi anayajua. Kinachofanya picha hii iumize ni jiografia. Ruvubu unaanzia kaskazini ya Burundi, unazunguka katikati ya nchi, unapita karibu na nchi za Gitega na Muyinga, unaingia Tanzania na kukutana na maji ya Nyabarongo pale Rusumo kuwa mto Kagera. Mkimbizi wa Lukole hakuwa mbali na maji hayo. Maji aliyoyaoga utotoni yalikuwa yakimpita, hayaulizwi na mtu, yakielekea Ziwa Viktoria na hatimaye Misri. Yeye alikuwa akiulizwa kila alipotoka nje ya kambi kutafuta chakula. Wafanyabiashara wa Kobero, mnaojua kibali kinagharimu nini na nusu siku ya kukisubiri inagharimu nini, mtakuwa mmeusikia mshororo wa pili kuliko ninavyoweza kuueleza.

Lakini kuna jambo lililonisumbua. Anasema "maji ya kwetu nafata". Ruvubu unatoka Burundi kwenda Tanzania. Anayefuata maji anakwenda mbali na kwao! Kwa siku mbili niliona hilo ni kosa. Halafu nikakumbuka kwamba mtu aweza kufuata maji kwa kuyapanda, kama anayefuata nyayo kurudi zilikotoka, na Kiswahili hakimzuii. Sijui alikuwa na ipi kichwani. Nadhani ungefanyika usafi kidogo hapo, na sitamtetea kwa kila kitu kwa sababu tu amekufa.

Ngoma ya ubeti wa tatu ni bora zaidi. Kwa msomaji wa Tanga ni ngoma inayolia usiku, basi. Kwa Mrundi, ingoma ni chombo na pia ni ufalme, utawala, nchi yenyewe. Gishora, kilomita chache kutoka mji wa Gitega, ndiko ngoma za mwami zilikohifadhiwa na kupigwa kwa vizazi, na ngoma hizo ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Baba anayewanyamazisha watoto kwa ahadi ya safari, kisha usiku yeye mwenyewe asikie ingoma ikilia kwa mbali, anasikia muziki na anasikia nchi. Neno moja la Kiswahili lina kivuli cha Kirundi nyuma yake. Na "kwetu ni wapi mahali" ni kuboronga sarufi, maneno yamepinduliwa ili kina kikae, ila hata ukiyanyoosha swali linabaki lilelile, na baba halijibu. Anawatuliza tu.

Alichosema baba mdogo

Siku moja kabla ya sherehe nilipelekwa kwa baba mdogo. Nilitegemea mtu mkali. Nilikuta mzee mwembamba aliyenikaribisha kwa mikono miwili na kuniuliza habari za barabara kabla ya habari nyingine yoyote. Tulizungumza Kirundi. Nilimsomea ubeti wa pili mara tatu: kama ulivyo, kisha kwa "la", kisha kwa "si". Nilimweleza mbili na sita. Hakunikatiza. Ujanani alikuwa akijivuga mwenyewe, na kidole chake kilipiga goti mahali pale pale nilipotaka kupaonyesha.

Mwisho akaniuliza swali ambalo sikuwa nimejitayarisha nalo. "Hao anaosema hakuwaachia, ni nani? Ni mimi?"

Nilikuwa nimehesabu kila silabi na sikuwa nimekisimamia kile kidogo cha "wa". Kama ni "sikuwaachia", basi yupo mtu au watu ambao marehemu anawanyima, na mzee huyu ndiye aliyekuwa akilima. Alizika wazazi wao peke yake. Alipalilia kahawa wakati risasi zinalia ng'ambo ya bonde. Alitaka "kuwaachia" kwa sababu ya shamba, sawa, lakini alilitaka pia kwa sababu "sikuwaachia" lilimfanya mwizi kwa mdomo wa kaka yake.

Nilirudi kwenye karatasi. "Wa" ya ubeti wa pili haina jina. Nyuma yake kuna "wa" moja tu, ile ya ubeti wa kwanza, "wananita": watu wanaomwita mgeni wa kuhemea. Hao wako kambini na mpakani, si kilimani. Zaidi ya hapo mtunzi hakutaja mtu, ingawa "ndugu zangu" ingekaa vizuri kabisa kwenye kina chake cha "ngu". Neno hilo lilikuwa mlangoni, linagonga, na hakulifungulia. Nilimweleza mzee hivyo. Sikumwambia kwamba hakulengwa, kwa kuwa shairi halisemi hivyo pia.

Alinyamaza kitambo. Kisha akamwita mjukuu wake, akamtuma ndani. Kijana akarudi na jembe, chuma chake kimelika mpaka kimekuwa kama kiganja, mpini mpya.

"Nililikuta limesimama shambani asubuhi waliyokimbia," akasema mzee. "Mpini nimebadilisha mara nne. Chuma ni chake."

Sitiari yangu ilikuwa imewekwa mbele yangu juu ya mkeka.

Siku ya kuganduka shairi lilisomwa na binti, kwa Kiswahili, akatafsiri kila ubeti. Alisoma "sikuwaachia". Hakuna aliyepinga. Kwenye ubeti wa tatu alisoma "safari" kwa "r" yake na wazee wakatikisa vichwa, kina kimewakolea. Mara ya tatu ya kibwagizo watu walikuwa wamekwisha kukishika, wakakiitikia kama wanavyoitikia imvyino, pamoja na wale wasiojua Kiswahili.

Suala la shamba halikuisha siku hiyo. Baba mdogo alisema mbele ya watu kwamba mtoto wa kaka yake aje kutoka Dar es Salaam, wapime, na bashingantahe wawepo. Hakusema atatoa kiasi gani. Nilipoondoka wapo waliosema ametoa ahadi na wapo waliosema ameahirisha tu, na mila bado haimpi binti mwenyewe sehemu ya urithi huo, yeye aliyezibeba karatasi.

Nilikutana naye tena Kobero, wiki kadhaa baadaye, akiwa kwenye foleni na magunia yake. Alitoa karatasi kwenye fundo la kitenge. Nilikuwa nimemshauri kwamba, kwa kuwa hatuna daftari la mzee, silabi iliyorudishwa iandikwe kwa penseli, ndani ya mabano, ili atakayesoma baadaye ajue ni sisi tuliyoiweka. Alikuwa ameiandika kwa kalamu ya wino, bila mabano, na kuikoleza mara mbili.